Mkuu, usiulaze huo wembe kwenye klorini

Mkuu, hayo maji ya klorini yamwage sasa hivi. Umeandika kwamba umepata wembe wa kukunja wa Solingen, Ujerumani, na kila ukimaliza kunyoa utaulaza usiku kucha kwenye maji yenye dawa ya kung'arishia nguo ili wadudu wafe, asubuhi unaufuta na kuurudisha kwenye kifuko chake cha ngozi bafuni. Halafu ukauliza upake mafuta gani, brashi uitunzeje, na vipele vya shingoni uvifanye nini. Hayo mengine yasubiri. Ukifanya hilo la kwanza hutabaki na wembe wa kupaka mafuta.

Nyembe za zamani za Solingen, sawa na za Sheffield ya Uingereza, kwa kawaida ni chuma cha kaboni. Hazina kromiamu ya kuzikinga kama vijiko vyako vya jikoni. Maji matupu yanatosha kuzitia kutu, na klorini inaiongezea kutu kasi. Makali yaliyonolewa vizuri hayafiki unene wa maikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kidevu unaweza kufika maikroni 100. Kutu ya kina cha maikroni moja ikikaa mgongoni mwa wembe ni doa tu. Ikikaa kwenye makali, imeshayala yote.

Asubuhi ukiutoa unaweza usione kitu. Washa tochi ya simu, uinamishe wembe polepole mpaka mwanga uteleze kwenye bapa. Utaona vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, vimejipanga karibu na ukingo. Kila kidoa ni shimo, maana klorini hailambi chuma kwa usawa, inachimba. Ukinyoa, wembe utavuta nywele badala ya kukata, na ngozi itachanika michirizi midogo. Utaupitisha kwenye mkanda wa ngozi hata mara 100, hautapona: mkanda unanyoosha makali, hauzibi mapengo. Inabidi urudi kwenye vinoo. Jiwe la namba 1000 (namba ikiwa ndogo, jiwe linakwaruza zaidi) mpaka uondoe chuma chote kilichotoboka, kisha 4000 au 5000, kisha 8000, umalizie na 12000. Shimo likiwa refu, unafika kwenye makali mapya unakuta tundu jingine linakungoja, unarudi 1000. Na kwa kuwa mgongo unalala juu ya jiwe pamoja na makali ili kushika pembe, nao unalika. Usiku mmoja wa klorini unaweza kula chuma cha miaka ya matumizi.

Ushauri huo naujua. Niliuziwa pamoja na wembe, na muuzaji aliapa kwamba "vinyozi wote wanafanya hivyo". Si kweli! Kinyozi unayemwona analowesha vifaa kwenye dawa analowesha vitana, na wembe wake ni ule wa kubadilisha kijembe: mteja mmoja, kijembe kimoja, anatupa. Anayeuza wembe wa kaboni bila kujua tofauti hiyo anakuuzia hasara, na ukishaoza hapokei simu.

Shika hili moja: wembe wa kaboni haulali na maji. Si samaki huyo. Hata tone moja lisibaki.

Ukimaliza kunyoa, suuza kwa maji ya moto kwa sababu yanakauka upesi. Ncha iangalie chini, maji yasikimbilie kwenye pini inayounga wembe na mpini. Futa kuanzia mgongoni kwenda kwenye makali, usiburute kitambaa kwa urefu wa ukingo. Kisha njoo pale wengi wanapopasahau: sokota kipande cha tishu, kipitishe katikati ya mbavu mbili za mpini mpaka kwenye pini, ukivute. Kikitoka na rangi ya chai ya rangi, ujue kutu imeshaanza huko ndani. Kausha tena. Uache wembe wazi saa moja au mbili, mahali pa juu watoto wasipofika. Halafu upitishe mara 10 hadi 20 kwenye upande wa kitambaa wa ule mkanda (upande wa pili ndio wa ngozi), mgongo ukitangulia, na kila ukifika mwisho ugeuzie juu ya mgongo. Ukigeuzia juu ya makali umekata mkanda na umeua makali kwa mpigo mmoja.

Mafuta: ya cherehani. Tone moja kwenye kidole, upangusie bapa zote mbili na pini, mpaka ubaki utando tu. Kabla ya kunyoa unaufuta. Usipake mafuta ya kupikia. Ya alizeti yakikaa yananata kama gundi, ya nazi yanachacha na kukusanya vumbi.

Kifuko cha ngozi kisafirie nacho tu. Ngozi inanyonya unyevu, na chumvi zilizotumika kuitengeneza zinaugusa wembe usiku mzima. Bafuni ndiyo usithubutu, hasa kama uko Dar, Tanga au Mombasa ambako hata msumari ukutani unashika kutu. Weka kabatini chumbani, kwenye boksi kavu, pamoja na vile vipakiti vya punjepunje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Wadudu unaowaogopa wanataka sabuni na maji, kisha pamba yenye spiriti ya asilimia 70 kwenye bapa, uache ikauke yenyewe. Mpini usiuguse na spiriti. Ila usimwazime mtu wembe huo hata ndugu yako: virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7, na kupangusa kwa spiriti hakutoshi kuutakasa wembe wa watu wawili.

Vipele: nyoa kufuata nywele zinakoelekea, usirudie kinyume, jimwagie maji baridi, pitisha shabu (lile jiwe jeupe la vinyozi) iliyoloweshwa, subiri dakika moja, suuza. Lakini angalia, maji ya shabu ni makali kwa chuma. Ukishika wembe na vidole vyenye shabu, alama za vidole zitageuka kutu. Kwa hiyo kausha wembe na uuweke mbali kwanza, ndipo uchukue shabu.

Kama umeshaulaza leo, utoe, usuuze kwa maji ya moto mengi, ukaushe kama nilivyoeleza mpaka kwenye pini, upake mafuta, kisha piga picha ya ukingo chini ya tochi uiweke hapa. Vidoa vikiwa milimita 2 au 3 juu ya makali, vinang'arishika kwa dawa ya kusugulia chuma bila kugusa ukingo. Vikiwa vimefika ukingoni, usinyolee, tuone kwanza.