Majumba ya Mji wa Kale Mombasa, ndani kunaingilika?

SWALI: Shangazi, shemeji zangu waja kutoka Nairobi na wataka kuona jumba la kitajiri la zamani ndani, si kupiga picha milango tu. Niwapeleke wapi? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Mwanangu, majumba mengi watu bado wanaishi humo, so piga hodi kwanza, usiingie na kamera juu juu. Anza Fort Jesus, mle ndani kuna Nyumba ya Waomani ina maonyesho, halafu shuka na barabara ya Ndia Kuu mukaangalie roshani za mbao mpaka Leven House, imepewa jina la meli ya Waingereza na yule mmisionari Krapf na msafiri Burton walifikia hapo.

Mukikaribishwa kwa mtu waambie waangalie juu! Vyumba ni virefu lakini vyembamba, sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mita 3 hivi, hata uwe na pesa vipi. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ndo maana mchana kuna baridi bila eisii. Na viatu wavue mlangoni, hilo sibembelezi.