Ukianza kuishi peke yako, anza na haya

Umeuliza uanze kujifunza nini sasa unapohamia kwako. Mimi ningeanza na usalama; bili zitakufuata zenyewe. Leo hii tafuta swichi kuu ya umeme na koki kuu ya maji zilipo, maana bomba likipasuka usiku si wakati wa kuulizana. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, usimwagie maji kamwe, moto utalipuka. Zima jiko, funika kwa mfuniko wa chuma, acha mpaka kikaango kipoe kabisa. Ukiungua, weka sehemu hiyo kwenye maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno haisaidii, hata wakikusisitizia vipi. Mikataba nayo: soma yote kabla ya kusaini, ubaki na nakala yako.