Mto ukikatika, chora kizingiti: ushauri kwa vikundi vya Usangu na Iringa

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu hukatika wakati wa kiangazi, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha viboko hubaki wakisongamana kwenye madimbwi. Vikundi vinavyotaka kupaza sauti kwa michoro ya ukutani mara nyingi hukimbilia picha ya ardhi iliyopasuka na mtoto anayelia. Picha hiyo inatia huruma, lakini haimwambii mtu wa Rujewa au Pawaga maji yamepotelea wapi, na anayehusika huipita bila kujiona ndani yake.

Chora chanzo. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera inashuka kutoka milimani, inaingia bonde la Usangu na kupita kwenye mabanio ya skimu za umwagiliaji na majaruba ya mpunga, ndipo maji yanayobaki yanafika ardhioevu ya Ihefu. Maji hayatoki Ihefu mpaka yapite juu ya mwamba wa Ng'iriama, ambao ndio kizingiti chake. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya mwamba huo, mto chini yake hukatika hata kama Ihefu yenyewe bado ina maji. Mwamba mmoja, mstari wa bluu juu yake na mwingine chini yake: hata mwanafunzi wa darasa la nne ataelewa, na hakuna mtaalamu atakayekuja kusema mmekosea.

Tahadhari kubwa iko kwenye nani anachorwa kama mkosaji. Ukichora mfugaji na ng'ombe wake wanakunywa mto wote, umemshtaki jirani, na katika bonde hili jambo hilo lina kidonda: mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na mto uliendelea kukatika. Mifereji inayoachwa ikimwaga maji mashambani kiangazi kizima, baada ya mpunga kuvunwa, nayo iwe kwenye picha. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vinavyolimwa hadi ukingoni mwa mito ya juu pia viwepo, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Andika "mita 60" ukutani na uchore kamba ya kupimia. Kabla ya kuandika takwimu yoyote ya maji, nendeni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa, mkaombe vipimo vya kituo kilicho karibu nanyi. Namba moja ya uongo huua mchoro mzima.

Sasa ukuta. Tuseme una upana wa mita 5 na kimo cha mita 2. Chora kwanza kwenye karatasi, sentimita 20 kwa 8, ugawe miraba ya sentimita 2. Ukutani kila mraba unakuwa sentimita 50, yaani 10 kwa 4. Piga mistari kwa kamba ya fundi iliyopakwa vumbi la mkaa, kisha hamisha mraba mmoja mmoja. Anayeruka hatua hii huishia na mwamba mkubwa upande mmoja na mto uliobanwa kama uzi upande wa pili.

Msingi ni chokaa iliyokwisha kuzimwa. Kilo 5 kwenye lita 8 za maji, na robo kilo ya chumvi, iachwe ilale usiku kucha, kisha ichujwe kwa kitambaa. Hiyo inatosha kupaka ukuta huo mara tatu. Lowesha ukuta kwanza, paka nyembamba kama maziwa, na subiri siku moja kabla ya mkono unaofuata. Wengi hupaka nene ili wamalize haraka. Inakauka juu, inapasuka, na baada ya wiki inatoka kwenye kiganja kama unga. Vaa glavu na miwani, kwa sababu chokaa huunguza ngozi na macho. Usioshe brashi mferejini hata kidogo: chokaa huua samaki, na kikundi kinachotetea mto hakiwezi kuonekana kikiuchafua.

Rangi zipo karibu. Udongo mwekundu wa Iringa ukorogwe kwenye ndoo, uache mchanga uzame, mimina maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili na uache utulie mpaka kesho. Nyeusi ni mkaa uliosagwa laini. Bluu ya kufulia nguo inavumilia chokaa vizuri. Rangi za chakula hazivumilii, jua la Usangu huzimaliza mapema. Cha kushikisha ni mtindi usio na mafuta, uliochujwa maji yake: vijiko 5 vya mtindi kwa kijiko 1 cha chokaa, koroga mpaka ulainike, ndipo utie rangi. Tengeneza ya siku hiyo tu, kesho yake inanuka na haishiki tena. Uji wa muhogo utumie kwenye mabango ya maboksi na vitambaa pekee. Ukutani mvua ya kwanza itauondoa.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Mbeya mjini na Makete usianze kabla umande haujakauka, na acha mapema jioni, kwani baridi kali huzuia chokaa kushika. Usangu tatizo ni kinyume chake: jua hukausha kabla haijashika, kwa hiyo nyunyizia maji mchana na paka ukuta ukiwa kivulini.

Maneno yawe machache. Herufi za sentimita 10 mtembea kwa miguu atazisoma akiwa mita 30. Kwa abiria wa basi barabara kuu ya Igawa na Chimala weka sentimita 30 na yasizidi maneno matano.

Ruhusa ya mwenye ukuta iwe ya maandishi, na mtendaji wa kijiji apewe nakala ya mchoro mapema, pamoja na wazee wa pande zote mbili, wakulima na wafugaji. Mkitaka kuandamana na mabango siku ya uzinduzi, polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Sheria ile ya mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Iandikeni kwenye barua yenu.

Upande wa kulia wa ukuta acheni safu ya chokaa tupu, upana sentimita 50. Kila mwaka mto unapokatika, andikeni tarehe kwa mkaa, na maji yakirudi andikeni tarehe nyingine kwa bluu.