Umetoka kwaya unaenda kuimba sauti nne sebuleni kwa mtu? Soma hapa kwanza

Wale mliokulia kwaya za kanisani halafu mnaalikwa nyumbani kwa watu kuimba nyimbo za kizungu za sauti nne, njooni niwape yangu maana mi niliumbuka. Nilikuwa Ujerumani nasoma, kuna familia wakishamaliza kula usiku wanafunua piano wanaimba, nami nikajitapa nimeimba besi miaka nane. Wakatoa zile waltz (mtindo wa dansi wa hesabu tatu) za mapenzi za Brahms, mtunzi Mjerumani, opus 52 (yaani kazi yake namba 52) ya mwaka 1869, nyimbo 18 fupi fupi, wanne wanaimba na wawili wanapiga piano moja, wamebanana kwenye benchi viwiko vinagongana. Sasa wimbo wa kwanza wanaoanza ni tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume) na besi, wanamuuliza binti, ndo soprano na alto wanajibu. Kwaya yetu besi tulikuwa saba, nikipotea namdaka jirani nyuma kidogo na hakuna anayejua. Pale jirani hayupo! Yule wa tena kaingia peke yake huku ananitazama tu.

Kwaiyo ukifanya mazoezi usiimbe na rekodi ya sauti ile ile unayoimba wewe, huyo ni jirani yule yule kaingia kwenye simu. Weka ya mwenzio, we besi weka ya tena, imba yako juu yake mpaka usivutwe. Wiki moja tu utaona tofauti.

Halafu punguza sauti aisee. Sebule sio kanisa la watu mia tano, kipimo changu ni hiki, kama unaimba na maneno ya alto huyasikii basi unapiga kelele (besi na soprano ndo wagonjwa wakubwa wa hili, mi mmojawapo).

Kukaa nako kuna maana. Kitabu cha nyimbo cha mtunzi Dowland cha 1597, Uingereza, kilichapwa sauti zimegeuziwa pande tofauti ili kilazwe mezani kimoja, watu wazunguke, kila mtu asome upande wake. Hata nyie zungukeni mwonane midomo, mwalimu wa kupunga mikono hayupo, mmoja akivuta pumzi ndo mmeanza hivyo.

Nota za mistari zisikutishe kama umezoea d r m (do re mi), andika sol-fa yako kwa penseli juu ya mistari, ila kuwa macho na pale do inapohama (wimbo unapobadili ufunguo) maana Brahms anahama bila hodi, mi naizungushia do mpya duara kubwa. Kijerumani andika unavyokisikia, ila muulize mtu maana yake, usije ukaimba umenuna na wimbo wenyewe ni wa kumchombeza mtu.

Mi ilikuwa jioni ya tatu ndo nikaingia sawasawa na yule wa tena. Mama mwenye nyumba hakusema kitu, alifungua tu ukurasa wa wimbo wa pili.