Ghorofa ya kwanza ni ipi, na matofali "huunganishwa" kwa kitu gani?

SWALI: Ninatafsiri maelezo ya maduka ya Newbury Street, Boston, Marekani, yaliyomo ndani ya nyumba za zamani. Nimeandika: "Duka liko ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mji, na matofali yake yameunganishwa kwa saruji." Mhariri anataka "ghorofa ya chini". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhariri amefuata kanuni nzuri mahali pasipofaa. Wamarekani huanza kuhesabu ghorofa kutoka chini kabisa, kwa hiyo ghorofa yao ya kwanza kwa kawaida ndiyo ghorofa yetu ya chini. Lakini nyumba hizi za karne ya 19, katika mtaa wa Back Bay, nyingi hazina sakafu iliyo sawa na njia ya miguu. Ngazi moja inashuka vidato kadhaa hadi ghorofa iliyozama nusu ardhini. Nyingine inapanda hadi ilipokuwa sebule. Kote kuwili siku hizi ni maduka. Ukiandika "ghorofa ya chini", mteja atashuka wakati duka analolitaka liko juu. Achana na namba, taja ngazi.

"Nyumba ya mji" ifute. Hata nyumba ya udongo ya Magomeni, Dar es Salaam, ni ya mjini. Hizi ni nyumba zilizoshikana: majirani wawili hutumia ukuta mmoja. Uite "ukuta wa pamoja", si "ukuta wa pembeni", maana kwa kawaida ndio unaobeba boriti za sakafu. Ukuta wa mbele hubeba zaidi uzito wake wenyewe, ndiyo sababu wenye maduka waliweza kuutoboa na kuweka kioo kipana. Matofali ya juu ya kioo hayaelei, bila shaka. Lazima yakalie linta, yaani boriti inayolala juu ya uwazi wa dirisha au mlango. Mafundi husema hivyo, "linta", nami sioni sababu ya kuwapinga. "Kizingiti" kiache mlangoni.

Kosa kubwa ni "saruji", na hapo mhariri hakuona kitu. Kuta za aina hii zilijengwa kwa chokaa na mchanga. Tofali la kuchoma la zama hizo ni laini, na chokaa huacha unyevu utokee kwenye viungo. Fundi akiviziba kwa saruji ngumu, maji hutafuta njia kupitia tofali lenyewe. Baridi ya Boston ikiyagandisha, yanatanuka na uso wa tofali unabanduka vipande vipande. (Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua ugomvi huu wa saruji na chokaa, ingawa kuta zao ni za mawe ya matumbawe.) Tena matofali hayaunganishwi kama mabomba. Hujengwa.

Basi andika: "Duka liko juu, unapanda ngazi ya nje. Nyumba imeshikana na jirani zake, na kuta zake ni za matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa chokaa." Mitaani utasikia "tofali hizi"; katika maandishi rasmi bakia na "matofali haya".