Waranti ya kuongeza: nilipe au niache?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nataka kununua TV ya inchi 55 kwa shilingi 1,200,000. Ina waranti ya mwaka 1, lakini muuzaji anasema nikiongeza 180,000 nitapata waranti ya miaka 3. Friji ya pembeni yake imebandikwa "miaka 10". Nifanyeje? – Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Salama, ndugu msomaji. Kwanza hesabu hiyo miaka 3 inaanzia wapi. Ikianza siku ya kununua, mwaka wa kwanza tayari unao bure, kwa hiyo 180,000 inakununulia miaka 2 tu.

Pili, omba usome ukurasa wa mambo yasiyolipiwa kabla ya kutoa hela. TV nyingi mitaani kwetu huuawa na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, kioo kupasuka, au maji na mende kuingia ndani. Waranti nyingi hazigusi hata kimoja kati ya hivyo. Zinalipia ubovu wa kiwandani, ambao mara nyingi hujitokeza miezi ya mwanzo, waranti ya bure ikiwa bado hai.

Baada ya hapo kinachosumbua sana ni taa za nyuma ya kioo. Sauti inatoka, picha giza. Ukimulika tochi unaiona picha kwa mbali. Fundi hubadilisha mikanda ya taa na TV ikarudi. Mara nyingi zinaungua mapema kwa sababu mwangaza umeachwa juu kabisa tangu dukani, basi ushushe hadi nusu hivi. Kioo chenyewe ndicho cha kuogopa, maana bei yake hukaribia TV mpya, na kikipasuka waranti hiyo haikusaidii.

Kwa hiyo tungekushauri uache. Sehemu ya hela hiyo nunua TV gadi, kile kifaa cha kuikinga TV na umeme unaopanda na kushuka.

Friji sasa. Ile "miaka 10" kwa kawaida ni ya kompresa peke yake, yaani mashine inayosukuma gesi. Waranti ya kawaida ikiisha, gesi, bodi na ufundi unalipa mwenyewe. Kwenye friji za inveta, zile ambazo kasi ya kompresa inabadilika kulingana na mahitaji, bodi ndiyo mara nyingi hutangulia kufa. Weka friji gadi yenye kuchelewesha umeme dakika 3 au zaidi. Umeme ukirudi papo hapo, msukumo wa gesi haujasawazika, kompresa inakwama, inavuta umeme mwingi na waya zake zinaungua.

Tungekubali ulipe kama karatasi imeandika wazi kwamba inalipia hitilafu ya umeme au kuvunjika, na inataja nani anayelipa: duka, au kampuni ya bima. Ahadi ya duka peke yake hufa siku duka linapofungwa.

Risiti ya EFD ipige picha siku hiyo hiyo pamoja na namba ya seria iliyo nyuma ya TV, kwa sababu maandishi ya risiti hufifia kwa joto na kadiri muda unavyopita. Na fundi wa mtaani asifungue skrubu hata moja kabla mwaka wa kwanza haujaisha.