Usianze na lebo: kukagua na kutunza chupa kuukuu za porto

Chupa ya porto, yaani mvinyo mtamu ulioongezwa pombe kali, ya mwaka 1963 isiyo na lebo huwatia wanunuzi wengi wasiwasi bure. Porto ya mavuno ya mwaka mmoja, inayotoka bonde la Douro nchini Ureno, hukaa kwenye pipa miaka miwili hivi tu, kisha huzeekea ndani ya chupa kwa miongo kadhaa, imelazwa ghalani penye unyevu. Karatasi haihimili hali hiyo. Ndiyo maana zamani chupa nyingi zililazwa bila lebo, zikabandikwa siku ya kuuzwa. Kwa hiyo lebo safi kwenye chupa chafu si lazima iwe ya kughushi, ila lebo peke yake haithibitishi kitu.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Hadi mavuno ya 1970, porto nyingi ilisafirishwa kwa mapipa hadi Uingereza, ikajazwa chupani na wafanyabiashara wa huko. Mvinyo uleule wa 1955 unaweza kuwa na lebo za namna mbili au tatu, kila moja na jina la mjazaji wake, na zote zikawa halali. Baada ya hapo ujazaji ukawa wa Ureno tu. Ukiuziwa chupa ya 1977 inayodai kujazwa London, iache. Ya Ureno huwa na utepe wa karatasi wa dhamana, selo de garantia, unaopita juu ya mdomo wa chupa. Ukichanika ukiwa mkavu ni kawaida, ila usiubandike upya.

Ushahidi wenye uzito uko shingoni. Shika tochi kwa ubavu wa lakiri au wa kifuniko cha risasi, usimulike kutoka juu, na herufi zilizobonyezwa zitajitokeza kwa kivuli chake: jina la kampuni, mara nyingi na mwaka. Kisha mulika shingo kutoka nyuma. Kizibo huwa kimechomwa chapa ya jina na mwaka, na kwenye kioo kisicho cheusi sana utasoma angalau tarakimu mbili. Chapa ikipingana na lebo, amini kizibo. Papo hapo tazama kina cha mvinyo: ukifika mahali shingo inapoanzia ni vizuri, ukishuka katikati ya bega, huenda kizibo kimevuja.

Doa la chokaa nyeupe ubavuni si uchafu. Liliwekwa kuonyesha upande uliokuwa juu, maana mashapo yameganda upande wa pili. Ukilifuta, atakayeilaza tena atabahatisha, na mashapo yatavurugika. Maandishi ya rangi nyeupe yaliyopigwa kwenye kioo nayo yaache kama yalivyo. Kitambaa chenye maji kinaweza kuyaondoa.

Lebo yenye vumbi ipigwe brashi laini kavu, kuanzia katikati kwenda kingoni. Ukungu uache ukauke kwanza, kwani ukiusugua ungali mbichi unaingia ndani ya karatasi. Usitumie selotepu hata kidogo: gundi yake hugeuka kahawia na kuacha doa la kudumu. Vipande vilivyobanduka vitie kwenye bahasha, andika ni vya chupa ipi, ifunge shingoni kwa uzi. Wengine huzungushia chupa nailoni ya chakula. Sisi hatuipendi, maana hufungia unyevu juu ya lebo. Karatasi laini isiyo na asidi, isiyokazwa, inatosha. Ghala liwe na nyuzijoto 12 hadi 14 na unyevu wa asilimia 65 hadi 75.

Kasha la mbao lenye chapa usilitupe, wala kifuniko chake. Likiwa bado na misumari ya awali, lipige picha pande zote kabla ya kulifungua, kwa sababu mnadani kasha lisiloguswa hupata bei zaidi ya chupa zilezile zikiwa mojamoja. Ukifungua chupa moja ya kasha hilo, futa mdomo wake kwa kitambaa chenye unyevu kuondoa masalia ya risasi kabla ya kumimina, kisha hifadhi kizibo chake: kitakuwa ushahidi wa zile zilizobaki.